Mtoto Aliyetangulia Siku Zake Anapofika Darasani

Hotuba kwa walimu wa chekechea, wahudumu wa afya wa jamii na wazazi, Kanamkemer, Lodwar

 

Mimi si daktari, na si mwalimu. Kazi yangu katika serikali ya kaunti ni habari: kuchukua mambo ambayo wataalamu wanayajua na kuyafikisha kwa mwananchi kwa lugha anayoielewa. Nitakayoyasema leo kuhusu ubongo wa mtoto yametoka kwa wataalamu na kwa tafiti zilizochapishwa. Wauguzi walioketi pale mbele watajibu maswali ya matibabu tukimaliza.

Ombi langu ni kwamba mwende nyumbani na jambo moja. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia haachi kuwa mtoto wa kuangaliwa siku ile anaporuhusiwa kutoka hospitalini. Anahitaji macho yetu mpaka aweze kusoma, kuandika na kuhesabu. Na ili aangaliwe vizuri, mwalimu wake ni lazima ajue kwamba alitangulia siku zake.

Siku za mtoto ni ngapi?

Mimba kamili huchukua takriban wiki 40. Mtoto akizaliwa kabla ya kutimiza wiki 37, amezaliwa kabla ya wakati. Wengine huwaita watoto njiti. Lakini watoto hao hawako sawa. Wapo wanaozaliwa wiki ya 34, 35 au 36, na hawa ndio wengi. Wapo wa wiki ya 28 hadi 32. Na wapo wachache wanaozaliwa kabla ya wiki ya 28, ambao hali yao ni ngumu kuliko wote.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani kote. Hiyo ni karibu mtoto 1 kati ya kila 10. Kwa hiyo mwalimu mwenye watoto 50 kwenye darasa lake la chekechea asishangae akiambiwa kwamba watatu au wanne wao, hata zaidi, walitangulia siku zao.

Sababu ni nyingi, na mara nyingine hata daktari haioni. Mimba ya mapacha, shinikizo la damu, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa damu, lishe duni, mama aliye bado msichana mdogo, mimba zinazofuatana bila kupumzika. Joto kali nalo limehusishwa na kujifungua mapema katika tafiti za nchi nyingi, na sisi watu wa Lodwar hatuhitaji kuelezwa joto kali ni nini. Ukiiangalia orodha hiyo utaona kwamba mengi yamo katika maisha ya kila siku ya mama wa Turkana. Utaona pia kwamba kumlaumu mama ni kumwonea. Hakukosa, hakurogwa, na mtoto wake si laana.

Wiki za mwisho tumboni zinafanya kazi gani?

Watu wengi hudhani kwamba mtoto akishafika mwezi wa saba viungo vyote viko tayari, na kilichobaki ni kunenepa tu. Kwa ubongo, sivyo. Katika wiki ya 35 ubongo wa mtoto una uzito wa karibu thuluthi mbili tu ya ule atakaokuwa nao mimba ikitimia. Thuluthi iliyobaki hujengwa katika zile wiki chache za mwisho.

Na si uzito peke yake. Mwanzoni uso wa ubongo huwa laini kama kibuyu. Katika miezi mitatu ya mwisho unajikunja mikunjo, na mikunjo hiyo ndiyo inayoupa nafasi ya kubeba kazi nyingi. Ndani yake, nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine huanza kuvikwa utando wa mafuta, mfano wa waya wa umeme unavyovikwa plastiki. Waya uliovikwa hupeleka ujumbe haraka na bila kupotea njiani. Chembe zinazotengeneza utando huo huwa changa sana kati ya wiki ya 24 na ya 32, na katika kipindi hicho huharibiwa kwa urahisi na upungufu wa oksijeni au maambukizi.

Kuna pia mishipa ya damu. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32, mishipa midogo ndani ya ubongo ni myembamba mno na inaweza kupasuka. Damu ya namna hiyo mara nyingi huvuja katika siku tatu za kwanza za maisha. Ndiyo maana wauguzi husisitiza mtoto huyu ashikwe kwa upole, asipoe, asikose pumzi, na sukari yake isishuke.

Kwa hiyo mtoto anapotangulia, ubongo wake haukomi kukua. Unaendelea, lakini unakulia mahali ambapo haukutarajiwa kuwa bado: kwenye mwanga, kelele, baridi ya usiku, sindano na njaa. Wengi wao hufaulu na kukua bila tatizo lolote la kuonekana. Baadhi hubaki na alama ndogo ambazo hakuna anayeziona hospitalini, wala nyumbani, mpaka siku mtoto atakapopewa kalamu.

Kinachoonekana darasani

Tunapofikiria madhara ya ubongo, tunamfikiria mtoto asiyeweza kutembea, au asiyeona, au anayeanguka kifafa. Wapo watoto waliotangulia ambao hupatwa na hayo, hasa waliozaliwa mapema sana, na hao hutambuliwa mapema kwa sababu tatizo lao linaonekana. Ninaowasemea leo ni wale wengine. Anatembea. Anaongea. Anacheza mpira. Lakini darasani kuna kitu hakikai sawa.

Mwalimu anasema: "Weka kitabu kwenye mfuko, lete kikombe, kisha kaa kwenye mstari." Mtoto anaweka kitabu, halafu anasimama pale akitazama huku na huku. Si kiburi. Sehemu ya akili inayoshikilia maneno matatu kwa wakati mmoja huku mwili ukitenda la kwanza, imekuwa dhaifu kidogo. Wataalamu wanaiita kumbukumbu ya kazi, na ni moja ya mambo yanayoathirika zaidi kwa watoto hawa.

Hesabu huwatesa kuliko kusoma. Kunakili kutoka ubaoni huchukua muda mrefu, kwa sababu macho na mkono havijazoea kufanya kazi pamoja. Anashika kalamu kwa shida. Anachoka kabla ya wenzake. Mawazo yake hutoka nje haraka, ingawa si lazima awe mtukutu. Wengi wao hukaa kimya, wana woga, hawajui jinsi ya kuingia katika mchezo wa wenzao. Mtoto msumbufu hupata angalau karipio la mwalimu. Huyu mkimya hapati kitu.

Mwaka wa 2018 watafiti walikusanya tafiti 71 kuhusu watoto waliozaliwa kabla ya wiki ya 32 au wakiwa na uzito mdogo sana. Walikuta kwamba katika vipimo vya akili watoto hao walikuwa chini ya wenzao waliotimiza siku kwa takriban alama 13, kwa wastani. Wastani maana yake ni kwamba wapo walioshuka zaidi ya hapo, na wapo waliokuwa sawa kabisa na wenzao au mbele yao. Nambari hiyo haimhukumu mtoto yeyote. Inatuambia tu kwamba kundi hili lina haki ya kuangaliwa kwa karibu.

Na msidhani ni wale waliozaliwa wadogo mno peke yao. Huko Scotland, watafiti walichunguza kumbukumbu za watoto wa shule zaidi ya 400,000 na kuchapisha matokeo mwaka wa 2010. Walikuta kwamba uhitaji wa msaada wa pekee darasani unapungua kwa kila wiki mtoto anayoongeza tumboni. Wale wa wiki ya 35 na 36 hatari yao ni ndogo kuliko ya wale wa wiki ya 28, lakini kwa kuwa wao ni wengi, huongeza idadi kubwa ya watoto wanaohitaji msaada.

Karibu na kwetu, Malawi, watoto wa vijijini waliozaliwa kabla ya siku zao walifuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, wengi wao wakiwa wametangulia kwa wiki chache tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kwamba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuchelewa katika makuzi kuliko waliotimiza siku. Na hapa hapa Kenya, Michael Mwaniki wa kituo cha utafiti cha KEMRI kule Kilifi aliongoza uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2012 katika jarida la Lancet. Uliangalia watoto kutoka sehemu nyingi za dunia waliopona matatizo ya siku za mwanzo, yakiwemo kuzaliwa mapema, maambukizi na umanjano mkali. Karibu 4 kati ya 10 walibaki na angalau tatizo moja la muda mrefu.

Pengo kati ya kliniki na darasa

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Mtoto akizaliwa kabla ya wakati katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti hapa Lodwar, au katika hospitali kule Kakuma, au katika zahanati yoyote, habari zake huandikwa. Kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina mahali pa kuandika mimba ilikuwa na wiki ngapi na mtoto alikuwa na uzito gani. Kina pia ukurasa wa hatua za makuzi: lini anashika shingo, lini anakaa, lini anatembea, lini anatamka maneno.

Mama huja nacho kwenye chanjo. Anakuja wiki ya 6, ya 10, ya 14. Anakuja miezi 9 kwa chanjo ya surua, na akijitahidi anarudi miezi 18 kwa ya pili. Baada ya hapo kijitabu kinawekwa kwenye sanduku, au kinaloweshwa na mvua, au kinapotea familia inapohama na mifugo. Mtoto akitimiza miaka minne anapelekwa chekechea. Mwalimu anauliza jina, cheti cha kuzaliwa, jina la mzazi. Hakuna anayeuliza: huyu alitimiza siku zake?

Tazameni jambo hili. Kwa Katiba ya 2010, zahanati na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. Elimu ya chekechea nayo iko chini ya serikali ya kaunti. Muuguzi aliyempokea mtoto na mwalimu anayemfundisha PP1 wanalipwa na mwajiri mmoja, na mara nyingine wanapita njia moja kwenda kazini. Lakini habari za mtoto hazivuki barabara kutoka zahanati hadi darasani.

Mfugaji wa Turkana anamjua kila mbuzi wake. Atakwambia huyu mama yake ni yupi, alizaliwa msimu gani wa ukame, na alinyweshwa maziwa kwa mkono kwa sababu alizaliwa dhaifu. Kwa kulijua hilo, hamsukumi mbuzi huyo mwendo mrefu mapema. Watoto wetu nao wanastahili kujulikana namna hiyo.

Wasipojulikana, tunajua linalofuata. Mtoto anaitwa mzito. Kisha anaitwa mjinga. Nyumbani baba anasikia kwamba huyu shule haimwezi, na kwa kuwa kuna mbuzi wa kuchungwa, uamuzi unakuwa rahisi. Msichana naye anaanza kutajwa katika mazungumzo ya mahari kabla ya wakati. Mtoto aliyepigania uhai wake akiwa na uzito wa kilo moja na nusu anashindwa na darasa la pili, na sababu yenyewe ilihitaji mwalimu aliyejulishwa tu.

Ni lazima niwe mkweli hapa. Si kila mtoto anayeshindwa darasani alizaliwa mapema. Katika kaunti hii mtoto anaweza kushindwa kwa sababu hajala tangu jana, ana malaria, masikio yanauma, haoni ubao, au lugha ya mwalimu si ya nyumbani kwao. Katika shule za kambi ya Kakuma, ambako darasa moja huweza kuwa na wanafunzi zaidi ya 100 wanaotoka nchi mbalimbali, hata mwalimu hodari hawezi kumtambua mmoja anayepotea taratibu. Ndiyo maana ile karatasi ya kliniki ina thamani. Inamwambia mwalimu aanzie wapi.

Kazi inaanza kabla hajazaliwa

Walimu watanisamehe nikirudi hospitalini kidogo, kwa sababu ubongo wa mtoto wa darasa la kwanza unalindwa pia katika chumba cha kujifungulia.

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba akina mama 89 kati ya 100 nchini Kenya huzalishwa na mhudumu aliyefunzwa. Turkana iko miongoni mwa kaunti zilizo chini sana ya kiwango hicho. Sababu tunazijua: umbali, gharama ya boda boda, laga kujaa maji. Lakini kwa mama anayepata uchungu kabla ya wakati, kufika mapema hospitalini kunabadilisha mambo mengi. Kuna sindano anazoweza kupewa kabla ya wiki ya 34 ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka wa 2020, ulithibitisha kwamba zinapotolewa mahali penye huduma nzuri zinaokoa maisha ya watoto. Mtoto anayepumua vizuri ubongo wake hupata oksijeni.

Kisha kuna dawa isiyouzwa dukani, nayo ni kifua cha mama. Mwaka wa 1978 katika jiji la Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wadi iliyojaa watoto wadogo na mashine chache za joto. Akaanza kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Ndiyo huduma tunayoiita kangaruu. Watoto waliolelewa hivyo katika jiji hilo miaka ya 1990 walitafutwa tena baada ya miaka 20, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2017. Ikilinganishwa na wenzao waliolelewa kwa njia ya kawaida, vifo vyao vilikuwa vichache, walikosa shule mara chache, na hawakuwa na fujo na ukali kiasi kile.

Mwaka wa 2021 ukatoka utafiti mwingine uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania. Watoto walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali zao zitulie, vifo vyao katika siku 28 za mwanzo vilipungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza rasmi huduma hiyo ianze mapema hivyo.

Akina baba, hii inawahusu pia. Kifua cha baba nacho kina joto. Mama akienda kuoga au kula, mtoto anaweza kukaa kwako. Na msidanganyike na jua letu. Mchana Lodwar ni moto, lakini mtoto wa kilo mbili hana mafuta mwilini, na upepo wa usiku wa manane unaweza kumpoza.

Maombi yangu

Kwa akina mama. Anzeni kliniki mapema ili wiki za mimba zijulikane kwa uhakika. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora kwa ubongo wa mtoto huyu. Asipoweza kunyonya, kamua na umpe kwa kikombe kama muuguzi atakavyokuelekeza. Akiwa wa manjano machoni, akikataa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto kupita kawaida, mrudishe hospitalini siku hiyo hiyo. Muulize daktari kuhusu macho na masikio yake, kwa sababu watoto hawa huwa na matatizo ya kuona na kusikia zaidi ya wenzao. Na kile kijitabu kitunze kama unavyotunza kitambulisho. Kifunge kwenye karatasi ya plastiki. Safari ya kwenda malishoni, nacho kiende.

Tena mama, hesabu umri wake kwa haki. Mpaka atimize miaka miwili, wataalamu humhesabia mtoto kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyetangulia miezi miwili, akiwa na miezi kumi usimlinganishe na wa jirani wa miezi kumi. Mlinganishe na wa miezi minane.

Hata kuingia shule kuna hesabu yake. Mtoto aliyetarajiwa mwishoni mwa Januari, akazaliwa Novemba, anajikuta ni wa mwaka uliotangulia. Januari ya kuingia PP1 ikifika, cheti kinasema ametimiza miaka minne na zaidi. Kwa siku zake za kweli, bado. Angetimiza siku tumboni, angeingia na kundi la mwaka unaofuata. Mtoto kama huyo, mzazi na mwalimu wakae wazungumze. Kungoja mwaka mmoja kunaweza kumfaa. Wahenga walisema kawia ufike.

Kwa walimu. Mtoto anapoandikishwa, ongezeni swali moja: alizaliwa na wiki ngapi, au alizaliwa na uzito gani? Ombeni kuona kijitabu. Mama asiposoma, someni naye. Mtoto aliyetangulia mketisheni mbele. Mpeni agizo moja, alimalize, ndipo lifuate la pili. Hesabu afundishwe kwa kushika: mawe, vijiti, vifuniko vya chupa. Apewe muda zaidi wa kuandika, na apumzike kidogo kabla hajachoka. Mfundisheni mwenzake mmoja awe rafiki wa kumwingiza mchezoni. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bajeti, na kitawasaidia pia watoto waliotimiza siku.

Na lile neno "mjinga" litoke darasani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza kumdhalilisha mwanafunzi, iwe kwa mwili au kwa akili. Mtoto akiendelea kushindwa licha ya juhudi zenu, ongeeni na mzazi na afisa wa elimu ili apelekwe kwenye kituo cha tathmini, EARC, apimwe na kupangiwa msaada. Kumpeleka huko hakumaanishi kwamba anafukuzwa shule.

Kwa wahudumu wa afya wa jamii, CHP wetu. Nyinyi ndio mnaoingia kila boma. Pengo lile la kati ya miezi 18 na miaka minne, hakuna mtu mwingine anayeweza kulifikia. Katika vitabu vyenu, wekeni alama kwa kila mtoto aliyetangulia. Wiki za Malezi Bora huja Mei na Novemba, mtoto akipewa vitamini A na dawa ya minyoo. Siku hiyo hiyo fungueni ukurasa wa hatua za makuzi mmwulize mama: anaunganisha maneno mawili? Anakuelewa ukimtuma kitu? Anatazama unapomwita? Novemba hiyo hiyo, tarehe 17, dunia huadhimisha siku ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Sisi tuiadhimishe kwa kuwatembelea.

Na kwa sisi tunaofanya kazi serikalini, mimi nikiwemo. Idara ya afya na idara ya elimu zina ofisi tofauti, lakini mtoto ni mmoja. Hatuhitaji kungoja mfumo wa kompyuta ili muuguzi wa zahanati na mwalimu wa chekechea iliyo karibu naye wakutane mara moja kwa muhula, kila mmoja na daftari lake, wakiulizana: wale wetu waliotangulia wako wapi? Yupi hajaandikishwa? Yupi ameacha kuja? Upande wangu, jarida hili litaendelea kuwaandikia habari hizi kwa lugha rahisi, na redio zetu zitazisema kwa Kiturkana kwa wale wasiosoma.

Mwisho, nisieleweke vibaya. Watoto wengi waliozaliwa kabla ya siku zao watasoma, watafaulu, na wengine watatushinda sisi sote. Ubongo wa mtoto unaendelea kujengwa miaka mingi baada ya kuzaliwa, na hujengwa kwa chakula, usingizi, mazungumzo, michezo, nyimbo za bibi jioni, na mwalimu mwenye subira. Wiki alizozikosa tumboni haziwezi kurudishwa. Miaka yake ya chekechea bado tunayo mikononi.

Kesho asubuhi vijitabu vile vitoke kwenye masanduku, vipelekwe shuleni. Walimu, vipokeeni na mvisome.